Wageni wa Tovuti Yako Wanaihitaji Ramani ya Tovuti? Mwongozo Kamili wa Kupima, Kuamua na Kuijenga

Ujumbe unaonifikia mara nyingi kutoka kwa wenye tovuti ni huu: "Nimeweka ramani ya tovuti kama nilivyoelekezwa, mbona wateja bado wananipigia simu kuuliza vitu vilivyomo humo humo?" Anayeuliza huwa ni mhasibu wa SACCOS, mwenye nyumba ya wageni, au mwalimu aliyebebeshwa tovuti ya shule kwa sababu ndiye anayejua kompyuta. Nikiifungua tovuti yenyewe nakuta moja kati ya mambo mawili. Ama hiyo ramani ni faili la XML, orodha ya anwani iliyoandikwa kwa ajili ya mashine ambayo haikukusudiwa macho ya binadamu, ama ni orodha ya viungo mia na ishirini, imejibanza chini kabisa ya ukurasa kwa herufi za kijivu.

Jibu la mkato ni kwamba ramani ya tovuti, yaani ukurasa wenye viungo vya kurasa zako zote, wageni wengi hawaifungui. Nielsen Norman Group, kampuni ya Marekani inayochunguza namna watu wanavyotumia tovuti, iliwapa watu kazi ya kuelewa tovuti fulani imepangwaje. Katika utafiti wa kwanza asilimia 27 waliikimbilia ramani. Katika utafiti wa pili, uliotangazwa mwaka 2008, ni asilimia 7 tu. Na hiyo ilikuwa kazi ambayo ramani ndiyo ingewafaa kuliko zote! Hata hivyo hawakushauri itupwe. Walisema ibaki kama msaada wa akiba.

Swali lililobaki ni kama wageni wako wewe wanaihitaji. Hilo hulipati kwa kukisia, unalipima, na kulipima hakuhitaji fedha nyingi.

## Andaa hivi kwanza

- Simu moja ya Android ya kawaida, yenye kioo kidogo, na bando la kutosha saa mbili.
- Watu watano wanaofanana na wageni wako halisi. Wafanyakazi wenzako hawahesabiki.
- Daftari, kalamu, mkasi na karatasi chache za A4.
- Nywila ya msimamizi wa tovuti. Kama anayo fundi aliyehama mji, anza kumtafuta leo.
- Google Search Console (inayokuonyesha Google wanavyoiona tovuti yako) na Google Analytics (inayohesabu wageni na kurasa wanazofungua), au angalau takwimu za seva zilizomo kwenye cPanel, yaani paneli ya kusimamia tovuti unayopewa na kampuni inayoihifadhi.
- Siku mbili za kazi, kisha subira ya siku 30.

Kama takwimu hazijawahi kuwashwa kwenye tovuti yako, ziwashe sasa kabla hujaendelea kusoma. Ndani ya Google Analytics tafuta pia mpangilio wa muda wa kuhifadhi data. Usipougusa, ripoti za uchunguzi wa kina hukuonyesha miezi 2 tu ya nyuma. Unaweza kuusogeza hadi miezi 14.

## Hatua ya 1: Tenganisha ramani mbili zenye jina moja

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tulimalize kwanza.

Kuna ramani ya XML. Hii ni ya mashine: Google, Bing na wenzao huisoma ili wajue kurasa zako ziko wapi na zilibadilishwa lini. Faili moja halipaswi kuzidi anwani 50,000 wala MB 50. Kama unatumia WordPress toleo la 5.5 au la baadaye, tayari unalo bila kufanya lolote: andika anwani ya tovuti yako kisha malizia na /wp-sitemap.xml. Ukiwa na Yoast, plagini (programu ya nyongeza) ya WordPress, faili hilo litakuwa sitemap_index.xml.

Halafu kuna ukurasa wa kawaida wenye viungo, ambao mgeni anaufungua na kuusoma. Mwongozo huu unahusu huo wa pili.

Ya XML ipeleke Search Console, na kwenye robots.txt, faili dogo la maelekezo kwa mashine hizo, ongeza mstari huu:

Sitemap: https://anwani-ya-tovuti-yako/sitemap.xml

(Weka jina la faili lako halisi mwishoni.) Usihangaike kujaza vipengele vya kipaumbele na mara ngapi ukurasa hubadilika, kwa kuwa Google hawavitazami. Tarehe ya mabadiliko wanaitazama, mradi iwe ya kweli.

Onyo: usiweke kiungo cha XML kwenye menyu wala chini ya ukurasa. Mgeni akikibonyeza anakutana na anwani tupu zimepangwa kama orodha ya madeni, na anaweza kudhani tovuti imeharibika.

Search Console ikikuambia faili limesomwa, hatua hii imekwisha. Usirudi huko tena, kwa sababu hakuna utakalofanya kwenye XML litakalomsaidia mgeni aliyepotea.

## Hatua ya 2: Hesabu kurasa zako

Fungua jedwali lenye safu nne: anwani ya ukurasa, jina lake, swali la mgeni ambalo ukurasa unalijibu, na idadi ya mibonyezo kutoka ukurasa wa mwanzo. Anwani utazinakili kutoka kwenye ile XML, na hiyo ndiyo faida yake nyingine.

Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Ukurasa usiojibu swali lolote la mgeni, uandikie "hakuna". Usishangae zikiwa nyingi: salamu za mwenyekiti aliyekwisha kuondoka, tangazo la mkutano wa mwaka juzi, ukurasa wa mfano uliokuja na WordPress yenyewe. Futa au ficha. Kila takataka utakayoiacha hapa itatokea tena kwenye ramani na kumchosha mtu.

Safu ya nne itakuonyesha pia kurasa yatima, yaani zilizopo lakini hakuna kiungo hata kimoja kinachoelekea kwao.

Ukimaliza, tazama jumla. Zikibaki chini ya 20, kwa maoni yangu huna haja ya ramani: menyu iliyopangwa vizuri inatosha. Pitia hatua ya 3 hadi ya 5 ili uitengeneze hiyo menyu, mengine yaache.

## Hatua ya 3: Andika kazi tano kwa maneno ya mgeni

Mfuate anayepokea simu ofisini. Muulize, "Wiki hii watu wameuliza nini?" Fungua naye WhatsApp ya ofisi, msome ujumbe wa siku kumi. Maswali matano yanayojirudia ndiyo mtihani wako.

Sasa yaandike bila kutumia neno hata moja lililomo kwenye menyu. Menyu ikiwa na "Bidhaa za Mikopo", usimwambie mtu atafute bidhaa za mikopo, maana utakuwa unapima kama anajua kusoma. Andika hivi: "Mwanao amepata chuo na ada inatakiwa wiki ijayo. Tafuta kama chama kinaweza kukukopesha, na kiasi gani."

Kwa shule: "Umehamia mjini, una mtoto wa darasa la nne. Tafuta kama kuna nafasi na gharama ni kiasi gani." Kwa nyumba ya wageni: "Mnafika saa sita usiku mkiwa wanne. Tafuta kama mtapokewa."

Zijaribu kwa mtu mmoja kwanza. Akikuuliza "Una maana gani?", ziandike upya.

## Hatua ya 4: Kaa na watu watano, mmoja mmoja

Watano wanatosha. Ukifika mtu wa tatu utaanza kuona makosa yale yale, na wa tano utakuwa unatamani kumwonyesha njia. Usimwonyeshe.

Mpe simu ikiwa tayari kwenye ukurasa wa mwanzo. Mwambie: "Tunaipima tovuti, wewe hatukupimi. Ukikwama, kosa ni letu." Msomee kazi moja. Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu ya kazi yote hii. Mimi hushika kalamu mdomoni.

Andika mambo manne kwa kila kazi: alibonyeza nini kwanza, alirudi nyuma mara ngapi, aliteremka hadi chini kabisa ya ukurasa au la, na mwisho alipata, alikata tamaa, au alisema atapiga simu.

Nikupe mfano. Mjini Morogoro nilikaa na mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi wa chama cha akiba na mikopo, mwenye simu iliyopasuka kioo upande wa kushoto. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, haya niambie." Nikampa kazi ya kutafuta fomu ya mkopo wa dharura. Alibonyeza mistari mitatu ya menyu, akaingia "Kuhusu Sisi", akarudi. Akaingia "Huduma", akasoma aya mbili za dira na dhamira, akarudi. Kisha akaanza kuteremka kwa kidole gumba, akazipita picha za mkutano mkuu, akazipita nembo za washirika, hadi chini kabisa. Pale palikuwa na neno "Ramani". Uso ukamchangamka: "Ee, hii hapa." Akabonyeza, ikafunguka orodha ndefu ya viungo.

Akaitazama. "Mwanangu, mimi nilidhani itanionyesha ofisi mpya iko wapi." Akaweka simu mezani. "Si nitampigia tu yule binti wa dirishani?"

Fomu ilikuwa chini ya "Machapisho".

Kwa dakika nne zile nilipata mawili. La kwanza, neno "ramani" kwa msomaji wa Kiswahili ni barabara, mtaa na mshale wa "upo hapa". Tulitafsiri jina tukasahau kwamba neno lilikuwa na mwenyewe. La pili, mama hakuitafuta ramani kwa hiari yake. Aliifikia kwa sababu kila mlango mwingine ulikuwa umefungwa.

Onyo: usimtumie kijana wa ofisini mwenye simu mpya. Anajua fomu iko wapi kwa sababu yeye ndiye aliyeipandisha.

Utajua umefanya sawasawa ukiwa na majaribio 25 daftarini, na angalau matatu yamekufanya uone aibu.

## Hatua ya 5: Jaribio la karatasi

Sehemu hii huioni kwenye miongozo mingi, lakini ndiyo inayojibu swali letu. Mtu akishakwama kwenye simu, mpe karatasi uliyochapisha majina ya kurasa zako zote, yamegawanywa kwenye mafungu machache. Muulize kazi ile ile: "Na hapa je, ungebonyeza ipi?"

Matokeo yatakuwa mojawapo ya haya mawili.

Akiipata ndani ya nusu dakika, majina yako ni mazuri ila njia ya kuyafikia ndiyo mbovu. Mtu wa namna hii ramani itamwokoa, ingawa menyu nzuri ingemwokoa mapema zaidi.

Akipitisha kidole orodha nzima bila kuipata, hata ungemwekea ramani tatu asingefika. Majina ndiyo yanayomficha. "Machapisho", "Kituo cha Habari" na "Nyaraka" ni maneno ya mwenye ofisi, anayejua kilichomo ndani. Mgeni anatafuta fomu.

Kwenye kile chama, majaribio mengi yaliyoshindikana yalikuwa ya namna hii ya pili. Tukabadilisha majina sita ya menyu, tukaitoa fomu "Machapisho" na kuipa ukurasa wake. Simu za "fomu iko wapi" zikapungua kabla hatujagusa ramani kabisa.

## Hatua ya 6: Soma takwimu, kama tayari una ramani

Tafuta ukurasa wa ramani kwenye ripoti ya kurasa zilizotazamwa. Namba itakuwa ndogo, na peke yake haikuambii kitu. Sanduku la dawa nyumbani nalo halifunguliwi kila siku.

Kinachokufaa ni njia. Katika Google Analytics, sehemu ya uchunguzi, tengeneza ripoti ya njia inayoanzia kwenye ukurasa wa ramani, kisha nyingine inayoishia hapo. Uliza maswali haya:

Walitoka wapi? Wengi wakiwa wametoka kwenye ukurasa mmoja, huo ndio unaowapoteza.

Walikwenda wapi? Mibonyezo mingi ikielekea kwenye ukurasa mmoja au miwili, hizo ndizo kurasa zinazokosekana kwenye menyu yako. Zipandishe leo. Ramani imekupa jibu ambalo usingelipata kwa vikao vitatu.

Waliondoka bila kubonyeza chochote? Ama jina limewadanganya, kama yule mama, ama orodha ni ndefu mno.

Onyo: kama unategemea AWStats (mojawapo ya takwimu zile za cPanel) au kumbukumbu za seva, sehemu ya hizo ziara ni roboti, yaani programu zinazozunguka mtandaoni zenyewe, na roboti hupenda sana kurasa zenye viungo vingi. Ziara kumi zilizopishana kwa sekunde moja moja saa tisa usiku si watu. Kwenye Google Analytics nako ondoa ziara zako mwenyewe na za fundi wako.

## Hatua ya 7: Amua

Watu wamepata vitu kwa menyu na kisanduku cha kutafutia, na kurasa ni chache? Usijenge ramani. Utakuwa umeongeza ukurasa wa kutunza bila sababu.

Wameshindwa kwenye simu na kwenye karatasi? Rekebisha majina kwanza, rudia hatua ya 4, halafu ndiyo uamue.

Wameshindwa kwenye simu lakini wakafaulu kwenye karatasi, na kurasa ni zaidi ya 40 hivi? Jenga. Chuo, halmashauri, hospitali, chama kikubwa cha ushirika, tovuti yenye fomu na taarifa za miaka mingi: hawa wanaihitaji.

Lipo kundi jingine linaloihitaji hata kama majaribio yako hayakulionyesha, kwa sababu huenda hukumwalika yeyote kati yao. Ni wasioona wanaotumia kisomaskrini, yaani programu inayowasomea kioo kwa sauti, kama TalkBack ya Android. Menyu inayofunguka kwa kutelezesha huweza kuwasumbua, lakini ukurasa mmoja wenye vichwa vya habari vilivyopangwa wanaruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa urahisi. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, inayohusu tovuti kutumika na watu wenye ulemavu, kigezo 2.4.5 cha ngazi ya AA, inataka tovuti iwe na zaidi ya njia moja ya kuufikia ukurasa, na ramani ni mojawapo ya njia zinazokubalika. Kama tovuti yako ni ya huduma kwa umma, hii peke yake inatosha kuijenga.

## Hatua ya 8: Jenga ukurasa unaosomeka

Jina. Usiuite "Ramani". Uite "Kurasa zote" au "Yaliyomo kwenye tovuti". Ramani halisi ya kufika ofisini iweke kwenye ukurasa wa mawasiliano, na humo ndimo neno "ramani" likae.

Mafungu. Chukua ile karatasi ya majina, ikate vipande, umpe mmoja wa wale watano avipange mezani anavyoona vinaendana. Kisha muulize kila fungu angeliitaje. Utapata vichwa kama "Nataka kukopa", "Nataka kujiunga", "Kuhusu akiba yangu". Chati ya idara zenu haimhusu mgeni. Mafungu matano hadi tisa yanatosha. Fungu likizidi viungo kumi na mbili, ligawe.

Usipange kwa alfabeti. Kwa Kiingereza mpango huo huenda ukavumilika; kwa lugha yetu unavunja miguu. Mtu anayetaka kukopa aangalie K, au M? Ukurasa wenyewe unaitwa "Fomu ya mkopo", uko F. Mwenye wingi kichwani anatafuta "mikopo". Vivyo hivyo cheti na vyeti, chuo na vyuo, mwanachama na wanachama. Nomino zetu hubadilika mwanzoni, pale pale alfabeti inapotazama.

Kasoro hiyo hiyo inavisumbua visanduku vya kutafutia. Kitafutio cha kawaida cha WordPress hulinganisha herufi tu: mgeni akiandika "mkopo", ukurasa wenye "mikopo" peke yake hautokei. Akiandika "kopo" atapata vyote viwili, lakini nani anayetafuta mkopo kwa kuandika kopo? Ndiyo maana kwenye maelezo ya kila kiungo napendekeza uyaweke maumbo yote: "Mkopo wa dharura: masharti ya kukopa, riba na fomu. Mikopo mingine iko hapa chini." Kama wageni wako wanatoka Tanzania na Kenya, weka ada na karo kwenye mstari mmoja.

Umbo. Viwango viwili tu: kichwa cha fungu, na viungo chini yake. Usivifiche viungo ndani ya vichwa vya kubonyeza vinavyofunguka na kufunga, kwa sababu mtu anayetumia zana ya kivinjari ya kutafuta neno ndani ya ukurasa anaweza asiyapate yaliyofichwa. Mfano wa fungu moja:

```
<nav aria-label="Kurasa zote">
  <h2>Nataka kukopa</h2>
  <ul>
    <li><a href="/mkopo-wa-dharura">Mkopo wa dharura</a>:
        masharti ya kukopa, riba na fomu</li>
    <li><a href="/mkopo-wa-elimu">Mkopo wa elimu</a>:
        ada au karo ya shule na chuo</li>
  </ul>
</nav>
```

Uzito. Ukurasa wa viungo 60 kwa maandishi matupu haufiki KB 20. Usiuharibu kwa kuuwekea picha kubwa ya juu wala slaidi. Kwa mgeni mwenye mtandao wa kusuasua, huu unaweza kuwa ukurasa pekee wa tovuti yako unaofunguka kabla hajachoka. Kiungo kikiwa cha PDF, andika ukubwa wake pembeni: "PDF, MB 2.4". Ni bando lake, ana haki ya kujua.

Mkono au plagini? Chini ya kurasa 80, tengeneza kwa mkono. Plagini zitakupangia kwa tarehe au kwa alfabeti, na zitakurudishia takataka ulizoziandikia "hakuna" kwenye hatua ya 2.

## Hatua ya 9: Iweke mahali mtu anapopotelea

Chini ya kila ukurasa, sehemu ile ile, kwa rangi inayosomeka juani. Toka nje saa saba mchana na simu yako ujihakikishie.

Kwenye ukurasa wa kosa la 404, ule unaotokea anwani isipopatikana. Hapa ndipo ramani inapofanya kazi kuliko popote. Mtu amefuata kiungo cha zamani alichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, ukurasa umeshahama. Badala ya kumwandikia "Ukurasa haupatikani" na picha ya roboti anayelia, mwekee viungo vyako vitano vikuu, kisha "Tazama kurasa zote".

Kwenye ukurasa wa kitafutio pale matokeo yanapokuwa sifuri, kwa sababu zile zile za mkopo na mikopo.

Na kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business ya ofisi. Yule binti wa dirishani sasa hahitaji kueleza "bonyeza mistari mitatu, shuka chini". Anatuma kiungo cha ukurasa husika, na chini yake cha "Kurasa zote".

Usiiweke kwenye menyu ya juu. Nafasi ya pale ni ya zile kurasa mbili ambazo takwimu zilikuonyesha.

## Hatua ya 10: Rudi baada ya siku 30

Fungua tena ripoti ya njia ya hatua ya 6. Usitafute ziara nyingi za ramani. Kinachotakiwa ni kwamba wanaoifungua wengi wabonyeze kiungo na kubaki walikofika. Ziara zikipanda ghafla mwezi fulani, kagua menyu: kuna mtu amehamisha kitu.

Bonyeza kila kiungo mwenyewe, kimoja kimoja, kwa simu. Viungo 60 ni kazi ya robo saa. Kilichokufa kirekebishe hapo hapo, kwa sababu ukurasa wa kosa unaompeleka mtu kwenye ramani, na ramani inayomrudisha kwenye ukurasa wa kosa, ni mzunguko nilioushuhudia kwa macho yangu na mhusika alicheka hadi akafuta machozi.

Muulize tena anayepokea simu ni maswali gani yamebaki, na uyaweke pembeni ya yale matano ya mwanzo. Lililobaki vile vile lipeleke kwenye jaribio la karatasi, na mtu mmoja tu safari hii. Kisha andika kwenye kalenda ya ofisi, kwa jina la mtu na si la idara, nani atabonyeza viungo hivyo tena baada ya miezi mitatu.